Kinundu cha mfupa gotini: tuulize kama kinakua, si kama kinauma tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huwatia baadhi ya watu hofu kubwa na wengine huwapumbaza: vinundu vigumu vya mfupa ambavyo mtu mzima hujikuta navyo karibu na goti, asikumbuke aliumia lini, wala asihisi maumivu yoyote. Nilifanya kazi ya kupiga picha za eksirei katika hospitali za serikali mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na ukiacha vifua, sidhani kama kuna kiungo kilichopita mbele ya mashine yangu mara nyingi kuliko goti. Mimi si daktari wa mifupa, wala siandiki ili mtu ajitibu kwa kusoma gazeti. Ninaandika kwa sababu kipimo ambacho wengi wetu hutumia kuamua kama kinundu ni cha kupeleka hospitali au cha kuachwa, yaani kama kinauma au hakiumi, hakifai kwa vinundu vya aina hii. La kuulizwa kwanza ni kama kinakua, na swali hilo halijibiki bila picha moja ya mwanzo iliyopigwa vizuri na kuhifadhiwa.

Ni vyema ieleweke kwanza kwa nini goti ndilo hukumbwa zaidi. Mtoto hurefuka miguu kupitia tabaka za gegedu, yaani ile tishu ngumu inayonyumbulika kama ya sikio, zilizo karibu na ncha za mifupa mirefu, na tabaka mbili zinazofanya kazi kubwa kuliko zote mguuni ni ile ya mwisho wa chini wa mfupa wa paja na ile ya mwanzo wa juu wa mfupa wa muundi. Takriban theluthi mbili ya urefu ambao mguu huongeza utotoni hutokea hapo, juu na chini kidogo ya goti. Tabaka hizo hufunga na kugeuka mfupa mtupu kadiri ujana unavyokamilika, kwa wasichana mara nyingi kati ya miaka 14 na 16, na kwa wavulana miaka miwili hivi baadaye. Mahali penye ukuaji mwingi kiasi hicho ndipo pia ukuaji unapopotoka mara nyingi.

Upotofu unaoonekana zaidi ni ule ambao madaktari huuita ostiokondroma. Huo ndio uvimbe wa mfupa usio wa saratani ulio wa kawaida kuliko mwingine wowote. Katika vivimbe visivyo vya saratani vinavyoanzia kwenye mfupa, karibu theluthi moja ni vya aina hiyo. Asili yake ni kipande kidogo cha gegedu la ukuaji kilichochepuka pembeni, kikaanza kujenga mfupa kuelekea ubavuni badala ya kufuata urefu wa mguu. Matokeo yake ni kitu kinachochomoza kwenye mfupa kama tawi kwenye shina, kwa kawaida kikielekea upande wa mbali na kiungo, na juu yake kikiwa na kofia nyembamba ya gegedu. Kingine huwa na shingo ndefu, kingine huwa bapa chenye msingi mpana. Hukua pamoja na mtoto, na tabaka za ukuaji zinapofunga, nacho husimama.

Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua watu wazima wengi. Mtu wa miaka 30 anayesema kinundu kimemtokea mwezi uliopita, mara nyingi amekigundua mwezi uliopita. Chenyewe amekaa nacho tangu darasa la sita. Amepungua mwili baada ya kuugua, au amejigonga kwenye kingo ya kitanda akapapasa mahali palipouma, au mwenzake ndiye aliyemwuliza ni nini hiki wakati wa kuchuana miguu. Tangu hapo mkono haukosi kukirudia, na kadiri anavyokipapasa ndivyo anavyoamini kuwa leo ni kikubwa kuliko jana. Vidole vya mwenye hofu havipimi vizuri. Nimewahi kumpiga picha kijana aliyeapa kuwa chake kimeongezeka maradufu, na picha ya zamani, ambayo kwa bahati mama yake alikuwa ameitunza, ikaonyesha kuwa hakijasogea hata kidogo tangu alipokuwa shule ya sekondari.

Kwenye eksirei, ostiokondroma ina alama moja ambayo mtu akishaifahamu hawezi kuisahau. Gamba gumu la nje la mfupa haliishii chini ya kinundu, bali linapinda na kupanda nacho, na sehemu ya ndani yenye uboho inaingia moja kwa moja ndani ya kinundu bila ukuta wa kuzitenganisha. Yaani kinundu na mfupa ni kitu kimoja. Daktari akiona alama hiyo kwa mtu mzima asiye na maumivu, na mahali penyewe pakiwa ni pa kawaida, kwa kawaida hahitaji kukata wala kuchoma sindano ili ajue ni nini, na ushauri wake utakuwa ni kukiacha na kukiangalia. Uwezekano wa ostiokondroma iliyo peke yake kugeuka saratani unakadiriwa kuwa karibu asilimia 1 au chini ya hapo. Kinachomfanya daktari abadili mawazo ni kinundu kuanza tena kukua baada ya mwenyewe kuwa mtu mzima, au kuanza kuuma bila sababu ya wazi, au kofia ile ya gegedu kuwa nene. Kofia yenyewe haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo hapo ndipo picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, inapohitajika. Kwa mtu mzima, unene unaozidi sentimita 2 hushughulikiwa kwa uzito mkubwa.

Wapo watu ambao hawana kinundu kimoja bali vingi, magotini, vifundoni, mabegani, kwenye mbavu. Hao wana hali ya kurithi ambayo chanzo chake kwa wengi ni hitilafu katika mojawapo ya jeni mbili, EXT1 au EXT2, na inakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 50,000. Mzazi mwenye hali hiyo, awe baba au mama, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayezaliwa. Dalili huwa zimeshaonekana kabla ya miaka 12, na pamoja na vinundu huweza kuwapo kimo kifupi, mkono wa mbele kupinda, au magoti kugongana. Nasikitika kusema kwamba familia za namna hii nimeziona zikitafuta aliyewaroga kabla ya kutafuta picha, na lawama zote akabebeshwa mama, hata pale ambapo vinundu viko wazi kwenye goti la baba aliyevaa kaptula. Kwao hatari ya kinundu kimojawapo kugeuka saratani ni kubwa kiasi kuliko kwa mwenye kimoja, ingawa bado ni asilimia chache tu, na kwa hiyo wanastahili kuwa na kliniki ya kudumu na kujua kila kinundu kikubwa kina ukubwa gani. Kwa mtu anayegundua kinundu chake cha kwanza ukubwani, inafaa ajipapase sehemu nyingine, na awaulize ndugu zake wa damu kama nao wanavyo.

Aina nyingine haina fumbo lolote mtu akishaulizwa alivyocheza utotoni. Ni kile kinundu cha mbele kabisa, chini ya pia ya goti, mahali ambapo kano nene inayotoka kwenye pia hujishikiza kwenye mfupa wa muundi. Mwaka 1903 madaktari wawili, Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich, kila mmoja kwa upande wake, walieleza maumivu yanayowapata vijana balehe mahali hapo, na ugonjwa ukabaki na majina yao yote mawili. Kijana anayekua haraka na kuruka au kukimbia sana huivuta kano ile mara kwa mara kabla mfupa wake haujakomaa, mahali pale panavimba na kuuma kwa miezi kadhaa, kisha maumivu yanaisha na mfupa uliojijenga wakati huo unabaki. Wachezaji wetu wa mpira wa miguu na wa netiboli wanavyo vingi mno. Havina haja ya chochote, isipokuwa kwamba kupiga magoti juu ya sakafu ngumu, iwe msikitini, kanisani au wakati wa kupiga deki, huweza kuwaumiza wenye navyo, na dawa ya hilo ni mswala mnene au kipande cha godoro.

Kwa wenye umri mkubwa, vinundu vya ukingoni mwa kiungo chenyewe, vinavyolifanya goti lionekane pana, mara nyingi ni mfupa unaojiongeza kwa sababu gegedu la ndani limelika. Uzito wa mwili, majeraha ya zamani na umri ndivyo vichocheo vikubwa, na goti lenyewe hukakamaa asubuhi na kukwaruza linapokunjwa. Wenye jongo nao huweza kupata vinundu vigumu ambavyo si mfupa bali ni chumvi ya asidi ya yuriki iliyojikusanya. Na uvimbe laini wa nyuma ya goti, unaojaa mtu anaposimama na kupungua anapolikunja, kwa kawaida ni mfuko wa majimaji ya kiungo. Hizo ni habari nyingine. Barua hii ni ya mfupa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kwa maelezo niliyotoa hadi hapa, msomaji anaweza kuhitimisha kwamba asiyeumwa alale usingizi. Lakini ipo saratani moja ya mfupa, isiyo ya kawaida sana, ambayo tabia yake ni kutouma. Ni aina ya ostiosakoma inayoota juu ya uso wa mfupa badala ya kuanzia ndani, na mahali inapopenda kuliko pote ni nyuma ya mwisho wa chini wa mfupa wa paja, yaani juu kidogo ya mkunjo wa goti. Ostiosakoma ile ya kawaida, ambayo huwapata zaidi vijana balehe na ambayo nayo hupenda goti, huwa na maumivu yanayoamsha usiku, na uvimbe wake huongezeka ndani ya majuma au miezi michache. Hii ya juu ya mfupa ni tofauti. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40 na kitu, hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi dalili yake ya kwanza si maumivu bali ni goti kutokunjika hadi mwisho. Mtu anaona hawezi kuchuchumaa kama zamani. Anaona kikao cha tahiyatu kimekuwa kigumu upande mmoja. Anajiambia ni uzee, ingawa ana miaka 32.

Ukikishika kinundu cha namna hii na ukakishika kile cha ostiokondroma, vidole havitakuambia tofauti: vyote ni vigumu, havisogei, haviumi. Picha ndiyo inayovitenganisha, kwa kuwa katika saratani hii ule mwendelezo wa uboho niliousimulia haupo. Mfupa wa asili unaonekana umebaki na gamba lake, na kinundu kimebandikwa nje yake, wakati mwingine kukiwa na mstari mwembamba mweusi kati yao. Na jambo la kutia moyo ni kwamba saratani hii, ikikamatwa kabla haijabadilika tabia, ni miongoni mwa zile zenye matumaini makubwa: ikiondolewa yote kwa upasuaji, wagonjwa wengi hupona, na mara nyingi mguu huokolewa. Ikiachwa kwa miaka huweza kugeuka kuwa kali. Miaka hiyo ndiyo inayopotea mtu anapoambiwa, na wakati mwingine anayemwambia amevaa koti jeupe, kwamba kisichouma si ugonjwa.

Miaka hiyo hupotea pia kwenye mikono ya wachuaji. Siwadharau mafundi wa mifupa wa jadi, kwa sababu nimekulia mahali ambapo wao ndio walikuwa karibu kuliko hospitali, na wapo wenye busara ambao wakikigusa kitu wasichokielewa humwambia mgonjwa aende akapigwe picha. Lakini kuchua kinundu cha mfupa hakukipunguzi hata kidogo, na yapo mazingira ambapo kunakiongeza. Mtu akigongwa sana kwenye paja, damu iliyovia ndani ya msuli huweza, katika majuma yanayofuata, kuanza kugeuka mfupa. Akichuliwa kwa nguvu wakati huo, msuli huumizwa upya na hali huweza kuwa mbaya zaidi, na ndiyo maana madaktari hukataza kabisa kuchua mahali hapo. Chale na hijama hazifiki kwenye mfupa. Kinachobaki ni makovu na uwezekano wa kupata maambukizi, na kama kinundu kilikuwa kibaya, mgonjwa anafika kwa daktari wa upasuaji akiwa na ngozi iliyokwisha kuvurugwa. Ifahamike kwamba hata hospitalini, kukata kipande cha kupima kwenye kinundu kinachoshukiwa kuwa saratani si kazi ya kufanywa popote na yeyote. Njia ya sindano au kisu hupangwa na timu itakayofanya upasuaji wa mwisho, kwa sababu njia hiyo yote itabidi iondolewe pamoja na uvimbe. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa akatwe kwanza halafu ndipo waone, ana haki ya kuomba rufaa.

Kuna wanaokwepa eksirei kwa kuogopa mionzi. Tangu Röntgen alipoigundua tarehe 8 Novemba 1895, mionzi hii imetumiwa vibaya na vizuri, na hofu yake haikutoka hewani. Sisi tuliofanya kazi nayo tulivaa vipimo vifuani kila siku. Lakini picha ya goti ni miongoni mwa picha zenye mionzi kidogo kuliko zote. Kiasi chake hakifikii hata kile ambacho kila binadamu hupokea kwa siku moja kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Mama mjamzito aseme kabla ya kupigwa, na wengine waondoe wasiwasi. Kinachotakiwa ni picha mbili za goti lile lile, moja ya mbele na moja ya ubavuni, maana kinundu cha nyuma ya paja kinaweza kujificha kabisa nyuma ya mfupa katika picha ya mbele. Mgonjwa aliyepigwa moja tu kwa sababu ya haraka au ya kubana gharama ana haki ya kuuliza ya pili iko wapi.

Kisha aitunze. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndilo ninaloona linazidi kuharibika. Zamani mgonjwa aliondoka na filamu yake ndani ya bahasha ya kaki, na ingawa wengine walizitumia kuzibia dirisha, na wengine walizitoa kabatini siku ya kupatwa kwa jua tarehe 1 Septemba 2016 ili watazamie jua, jambo ambalo ni hatari kwa macho, bado filamu ilikuwa mali yake na ingeweza kupatikana baada ya miaka kumi. Siku hizi picha huonekana kwenye kompyuta ya daktari, mgonjwa hupewa maelezo ya mdomo, na anarudi nyumbani mikono mitupu. Akihamia mkoa mwingine, au mashine ikibadilishwa, picha hiyo ni kama haikuwahi kupigwa. Miaka mitatu baadaye anakwenda kwa daktari mwingine ambaye anamwuliza swali lile lile la msingi, je, kinakua, na hakuna mtu duniani anayeweza kumjibu. Hapo daktari mwangalifu hulazimika kuagiza MRI yenye gharama kubwa, ilhali kulinganisha picha mbili za eksirei kungetosha, na daktari asiye mwangalifu humrudisha nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu ambayo hana.

Sitaki nieleweke kwamba kila kinundu kilichopigwa picha lazima kifuatwe na kisu. Wapo wanaotaka kukatwa kwa sababu ya sura tu, na wapo wanaokatwa bila sababu. Ostiokondroma iliyotulia kwa mtu mzima inaweza kukaa naye hadi kaburini bila ugomvi. Inapostahili kuondolewa ni pale inapobana kitu. Upande wa nje wa goti, chini kidogo, kuna kichwa cha ule mfupa mwembamba ulio ubavuni mwa muundi, na neva inayonyanyua unyayo hupita hapo karibu sana na ngozi. Kinundu cha mahali hapo kikiigandamiza, mtu huanza kuhisi ganzi juu ya mguu, kisha ndala inamtoka kwa sababu hawezi kunyanyua vidole. Huyo asingoje. Nyuma ya goti hupita ateri kuu ya mguu, ambayo kwa nadra husuguliwa na ncha ya kinundu hadi ukuta wake ukaharibika. Shingo nyembamba ya kinundu huweza pia kuvunjika kwa pigo, ikauma ghafla, na maumivu hayo hayana uhusiano na saratani. Kano inayoruka juu ya kinundu kila mtu anapotembea huweza kutengeneza mfuko wa majimaji unaouma. Unaona basi, Mhariri, kwamba maumivu yanaweza kuwapo pasipo ubaya wowote wa kutisha, na ubaya unaweza kuwapo pasipo maumivu.

Najua pia kwamba kumwambia mtu wa kijijini akapige picha ni rahisi kwa aliyeko mjini. Zahanati nyingi hazina mashine, na safari ya kwenda hospitali ya wilaya ni nauli na siku nzima ya kazi. Lakini kinundu kisichouma si dharura ya usiku. Kinaweza kusubiri siku mtu atakapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, mradi asiigeuze siku hiyo kuwa mwaka. Wanaopaswa kuharakisha ni wenye kinundu kinachoongezeka kwa macho, goti lisilokunjika, ganzi, maumivu ya usiku, au kinundu kirefu cha nyuma ya paja. Picha ikionyesha jambo la kutiliwa shaka, hospitali ya wilaya itaandika rufaa, na mgonjwa anaweza kufikishwa kwa mabingwa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, ambako madaktari wa mifupa hufanya kazi pamoja na wa vipimo vya nyama na wa saratani.

Nina maombi matatu, na la kwanza ni kwenu wenye magazeti. Kurasa za afya zinapoandika kuhusu vivimbe, msiachie sentensi ile ya kwamba uvimbe usiouma hauna neno, wala msiandike kinyume chake kwamba kila uvimbe ni saratani. Na matangazo ya dawa za kuyeyusha vivimbe vya mifupa yasipewe nafasi, kwa kuwa hakuna mafuta wala unga unaoyeyusha mfupa uliokomaa na kuuacha ule ulio chini yake.

La pili ni kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kukishika kinundu. Hata kabla ya picha, chukueni rula au utepe, mpime urefu na upana kwa sentimita, mwandike kwenye daftari la mgonjwa mahali kilipo, upande gani wa goti, goti linakunjika kiasi gani, na tarehe. Maandishi "uvimbe gotini" peke yake hayamsaidii atakayemwona baada ya ninyi.

La mwisho ni kwa wasimamizi wa hospitali. Nakala ya picha, iwe ni karatasi, sahani ya kompyuta au faili iliyotumwa kwenye simu ya mgonjwa, isiwe hisani ya mtumishi aliyeko zamu wala huduma ya kuombwa kwa kubembeleza. Gharama yake iingizwe ndani ya bei ya kipimo chenyewe, na mgonjwa akabidhiwe kabla hajatoka mlangoni, ikiwa na jina lake, tarehe, na alama inayoonyesha kama ni goti la kulia au la kushoto.

Wako,
Mpiga picha za eksirei mstaafu,
Tanga.